Jina Nililoliandika Mahali pa Mama Yako

Sifa mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Mchana umekula sombe ya majani ya muhogo sahani mbili ukisema kule Kinshasa hawajui kuipika, kisha umekwenda kwa dada yake Mama Esta kusukwa nywele, na kusukwa kwenu nakujua, hamwezi kurudi kabla jua halijashuka. Kwa hiyo nina saa tatu hivi. Nimekaa mezani sebuleni. Begi lako limesimama karibu na mlango, na ndege yako ni kesho asubuhi.

Maagizo sina. Mke wangu Mama Esta amekwisha kuyamaliza yote: maji yachemshwe, pesa isikae mfuko mmoja, mwanaume mwenye gari asikuonyeshe njia. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelibeba miaka kumi na saba. Linahusu baba yako Ngabu na mama yako aliyekuzaa, na kosa nililowafanyia. Ukilisoma, huenda usitake kuniita Papa tena. Nalisema hapa juu mapema ili usidhani hii ni barua ya kukutakia safari njema.

Kwa nini leo? Nina sababu mbili, moja nzuri na moja mbaya. Nianze na mbaya. Juma lililopita baba mkubwa wako, kaka ya marehemu Ngabu, alipiga simu kutoka Kinshasa. Mama Esta ndiye aliyepokea. Alisema, "Nasikia mutoto ya Ngabu anakuya huku. Afike kwangu. Niko na mambo ya kumuambia." Najua atakachosema. Naogopa usikie kwake kabla hujasikia kwangu. Huo ni woga, siuiti jina lingine. Ile sababu nzuri ni ya mama yako, na nitaifikia.

Utaniona nazunguka kidogo kwanza. Nivumilie, kwa sababu jambo lenyewe limo ndani ya kazi hii uliyoichagua, na kazi hii uliichagua kwa kunitazama mimi.

Karatasi yako ya kuajiriwa imeandika *souscripteur*. Jirani yetu Papa Lazaro ameniuliza kama unakwenda kuuza asiransi, yaani bima. Nikamwambia hapana, wauzaji ni wengine. Sifa atakaa ofisini, atasoma fomu ambazo wauzaji wamezileta, na yeye ndiye atakayeamua: huyu tumkubali, huyu tumkubali kwa masharti, huyu tumwambie pole. Papa Lazaro akashika kidevu. "Kumbe iko hakimu!" Nilicheka, lakini mzee hakukosea sana.

Utapanda, mwanangu, na utapanda haraka kuliko unavyofikiri. Kazi hii ni changa katika nchi yetu. Zamani mlango ulikuwa mmoja, leo kampuni zimekuwa nyingi, na watu wanaojua kusoma hatari ni wachache. Kwanza watakupa mafaili madogo, pikipiki na maduka, na kila uamuzi wako utapitia kwa mkubwa wako. Baadaye watakupa sahihi yako mwenyewe yenye kikomo: mpaka hapa unaamua peke yako, zaidi ya hapa unapeleka juu. Kila mwaka kikomo kitasogea. Kuna mitihani, kuna hesabu za ajali na za vifo, na wewe hesabu hazijawahi kukutisha. Sioni kwa nini usiwe mkuu wa idara kabla ya kufika miaka arobaini. Mimi niliishia kwenye meza yenye mguu mfupi hapa Bunia, lakini hilo halikuwa kosa la kazi.

Siku moja watakuonyesha ramani, na Ituri yetu itakuwa imepakwa nyekundu yote. Utaumia. Usibishane na ramani kwa sababu tu ni kwenu; wewe unajua tumepita wapi, na nyekundu ile haikupakwa bure. Lakini faili la kamio la mizigo la huku likifika mezani, usilifunge kwa rangi. Uliza linapita barabara gani, linatembea saa ngapi, dereva ni nani, matairi yakoje. Ulikuwa unajua kuuliza hayo ukiwa na miaka minane.

Unakumbuka? Jumamosi nilikuwa nakuchukua mpaka penye makamio yanayotoka upande wa Iga Barrière. Mimi nilitazama breki na taa, wewe ulikuwa wa matairi. Ulikuwa unaingiza kidole kwenye mistari ya tairi. Kidole kikizama, unasema, "Inapita, Papa." Kisipozama unatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari. Madereva walikubatiza Madamu Eksperi, na nakuambia kweli walikuogopa wewe kuliko mimi. Kuna watu walinilaumu kwamba nampeleka mtoto penye magari wakati gari ndilo lililomwua baba yake. Sikuwajibu. Nilitaka ujue kuyatazama.

Sasa nimefika kwa baba yako.

Ngabu alikuwa jirani yangu tulipokuwa tunakaa mtaa wa Bigo, na rafiki yangu kuliko ndugu. Aliendesha kamio la mahindi, maharage na mbao. Alikuwa mnene, mwenye sauti, mtu wa kucheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe. Alidai kamio lake limebatizwa, ndiyo maana halizimiki mlimani. Mimi wakati huo nilikuwa mwandishi wa chama cha kusaidiana cha madereva. Kila dereva alitoa mchango, na akifa, chama kilimlipa mtu ambaye dereva mwenyewe alimtaja. Kupokea wanachama ilikuwa kazi yangu: kuuliza umri, kuuliza magonjwa, kutazama gari, kukubali au kukataa. Nilikuwa na kazi yako kabla sijajua ina jina.

Swali la mwisho kwenye fomu lilikuwa lile: ukifa, nani apokee?

Wewe umekulia hapa, unajua. Kwetu mtu mzima aliyesimama na afya yake haulizwi habari za kifo chake. Ni kama unamchimbia shimo huku anakutazama. Na mwanaume akimtaja mke wake, ni balaa lingine, kwa sababu siku akifa hata kwa malaria, mashangazi watasema mke alikuwa anangoja, mke alimtilia kitu kwenye chakula. Madereva wengine walitema mate chini niliposoma swali. Mmoja aliondoka, hakurudi. Nami nilijizoeza ujanja. Nilikuwa naliuliza harakaharaka, nikitazama pembeni, na mtu asipojibu nilijaza mwenyewe vile nilivyoona adabu inataka.

Ngabu alijiandikisha asubuhi moja akiwa na haraka, amesimama, funguo mkononi. Niliposoma swali akacheka.

"Salomo, weye rafiki yangu, leo unaniandikia kufa?"

"Ni swali ya karatasi tu."

"Basi karatasi ijijibu yenyewe. Mie niko na mahindi inaoza kule Iga. Leta nisaini."

Akasaini chini kabisa. Kisanduku cha jina kilibaki kitupu, na yeye akaenda zake akipiga mluzi.

Unanijua nilivyo. Mimi ni yule aliyeletewa karatasi ya chanjo ya mbwa, na palipoandikwa kazi nikajaza "mlinzi." Mama Esta ananicheka mpaka leo. Kisanduku kitupu kinaniwasha. Ningeweza kumfuata Ngabu jioni nyumbani kwake, hatua hamsini kutoka kwangu, nikamwambia tukae, hili ni swali la mtoto wako. Sikumfuata. Nilichukua kalamu nikaandika jina la kaka yake mkubwa. Sikufikiri hata dakika moja. Katika ukoo mkubwa ndiye anayepokea, kisha anagawa; ndivyo tulivyolelewa, na mkono wangu ulifuata adabu hiyo wenyewe. Niliona hata fahari kidogo, fomu imejaa, safi, haina doa.

Hilo lilikuwa la kwanza. Kama lingekuwa hilo peke yake, leo ningekuwa nakuandikia habari ya uzembe tu.

Majuma machache baadaye mama yako alikuja kwetu na kikapu cha maharage mabichi. Wakawa wanayamenya na Mama Esta pale mlangoni, wewe umekaa kwenye mkeka unayatupa maganda kwa kuku. Nilipita, akaniita kwa sauti ya chini.

"Shemeji, kwenye ile karatasi ya chama, muliandika nani?"

Nikamjibu, "Ni weye."

Nilimwangalia usoni na kumwambia hivyo. Sikutaka maneno na wakwe, na nilijiambia nitabadilisha kesho. Lakini kubadilisha kulitaka Ngabu asaini upya, na kusaini upya kulitaka yale mazungumzo niliyoyakimbia. Kesho ikazaa kesho. Ilipita miezi kumi na moja, na katika miezi hiyo nilikula mezani kwa baba yako mara ngapi sijui.

Halafu kamio likapinduka kwenye kona kabla ya Iga. Uliwahi kusikia watu wakisema alipigwa risasi njiani. Hapana. Mzigo wa mbao ulikuwa wa juu sana na breki zilikataa. Alikufa palepale, na turniboi wake, msaidizi wa safari, alivunjika mguu. Nilikwenda kumchukua mimi. Siwezi kukuandikia nilivyomkuta, na hata ukiniuliza hilo nitaomba unisamehe.

Baada ya matanga chama kilikaa kwenye ukumbi wa parokia. Mama yako alikuja na kitambaa cheupe kichwani, amekushika mkono. Baadaye mama mmoja alikutoa nje ukacheze. Mama yako alikaa mstari wa mbele, ametulia. Alikuwa na majonzi lakini hakuwa na wasiwasi, kwa sababu nilimwambia. Rais wa chama, mzee aliyeendesha makamio tangu enzi ya barabara nzuri, akafungua fomu, akasoma jina. Baba mkubwa wako akaitikia kutoka nyuma.

Mama yako alisimama. "Hapana, muzee. Shemeji Salomo aliniambiaka iko jina yangu."

Watu wote waligeuka kunitazama. Rais akavua miwani yake.

"Salomo. Marehemu mwenyewe alikutajia hii jina?"

Sifa, nilikuwa na muda. Watu husema ilikuwa ghafla, ulimi uliteleza. Mimi ulimi haukuteleza. Nilifikiri vizuri kabisa: nikisema niliandika mwenyewe, watauliza ni fomu ngapi nyingine nilizijaza mwenyewe, na leo hii nitafukuzwa mbele ya watu. Niliwaza pia kodi ya nyumba, na Mama Esta aliyekuwa na mimba ambayo baadaye ilitoka. Kisha nikasema, "Ndiyo. Alinitajia."

Mama yako hakupiga kelele. Alinitazama mara moja, akakaa, akapanga kitenge chake magotini kwa mikono miwili. Kila nikifunga macho naiona ile mikono inavyokipanga kitenge.

Baba mkubwa wako alipokea. Hakugawa. Baada ya miezi miwili aliuza na kiwanja chenu cha Bigo, akisema ni mali ya ukoo, akaenda Kinshasa kufanya biashara. Kabla ya kuondoka aliniletea mbuzi. Hakusema ni wa nini, nami sikuuliza, mimi muuliza maswali. Tulimla. Nawe ulikula, ulipewa maini kwa sababu ulikuwa unayapenda. Ndiyo maana najua atakachokuambia huko: kwamba yeye alichukua kilichoandikwa, na umwulize aliyeandika. Katika hilo atakuwa hajadanganya.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini mama yako hakukaa Bunia. Nilikujibu kwamba alipenda shamba, kwamba mjini alikuwa anakosa hewa. Mwanangu, alikuwa hana nyumba. Alirudi kwao upande wa Djugu kulima kwa jembe la kaka zake kwa sababu ya neno langu moja. Na kila tunapokaribia ile nyumba ya lango la kijani pale Bigo, mimi nakupitisha njia ya nyuma nikisema kuna mbwa. Hakuna mbwa. Ni kiwanja cha baba yako.

Siku aliyoondoka alifika mlangoni kwetu nawe, na furushi lako dogo. Alimwambia Mama Esta, si mimi, "Mutoto abaki hapa asome. Mie nitakuwa nakuya." Na kweli alikuwa anakuja, kila likizo, na maharage na viazi na wakati mwingine kuku amefungwa miguu. Mama Esta hakujua kitu. Alidhani mama yako ananinyamazia kwa sababu ya heshima ya ushemeji.

Mwaka wa tatu nilimfuata jikoni, akiwa peke yake anapepeta mchele. Nilimwambia nimechoka, nataka nikuambie wewe, Sifa, niwaambie wote. Hakuacha kupepeta.

"Usimuambie mutoto," akasema. "Mutoto hawezi kula ugali ya mutu mwenye anamuchukia. Ataacha kula, ataacha masomo, atanifuata kule kulima. Siku atakula chakula yake mwenyewe, pale umuambie."

Nikamwuliza, "Na weye, umenisamehe?"

"Sijasema vile. Nimesema mutoto asome."

Hiyo ndiyo ile sababu nzuri, na unaona si yangu. Kesho unakwenda kuanza kula chakula chako mwenyewe. Mama yako aliipanga siku hii akiwa ameinama juu ya ungo, na mimi natii tu.

Vurugu zilipoingia kwao ulikuwa darasa la tatu la sekondari. Mama yako na kaka zake walitembea na wengine mpaka ziwani, wakavuka kwenda nchi ya pili. Huko kwenye kambi ya wakimbizi mama yako aliugua akafa, na simu ya jirani yake ndiyo iliyotufikia. Wewe ulilia siku nne bila kula, nami nilikaa mlangoni pa chumba chako na sahani, nikikuambia, "Ilikuwa mapenzi ya Mungu." Sijui mapenzi ya Mungu. Najua kwamba kama siku ile ningesema "hapana," mama yako angekuwa na paa Bigo, na wakati ule angekuwa hapa Bunia. Watu wengi walikufa wakati ule na mimi sikuwaua. Yeye, nilimwonyesha njia ya kwenda kule.

Hakuna aliyenifukuza, Sifa. Chama kilinipa hata cheti cha uaminifu, kile kilichokuwa ukutani mpaka nikakishusha, ukaniuliza nimekiweka wapi. Kampuni za bima zilipoanza kuja, zilitafuta mtu mwenye jina safi kati ya madereva, zikaniajiri mimi. Mshahara huo ndio uliolipa shule yako na chuo chako. Ile "ndiyo" yangu imekuwa inakulisha, na nafikiri mama yako alilijua hilo pia, akalimeza kwa ajili yako.

Nilitaka niandike hapa mafunzo. Nimeandika nikafuta. Mtu kama mimi kukufundisha uaminifu ni kichekesho, na mwenye aibu hafai kuhubiri. Nikuambie tu vile nilivyofanya baadaye, uchukue au uache. Tangu siku ile swali la jina naliuliza la kwanza, si la mwisho. Naweka kalamu chini, namtazama mtu, nauliza, kisha nanyamaza. Anacheka, ananitukana, anasema namwombea mabaya, mimi nimenyamaza. Ukimya ule ni mgumu kuliko hesabu zote watakazokufundisha. Karibu wote mwishowe wanajibu, na wengi hujibu kwa sauti ndogo, wakitaja jina ambalo nisingelikisia kamwe. Mmoja alimtaja dada yake kipofu. Mwingine, baba wa watu wazima saba, alimtaja mama wa kambo. Asiyejibu namrudishia fomu yake, kisanduku kikiwa kitupu. Inachelewesha, inaudhi wauzaji, na mkubwa wako atakuuliza kwa nini mafaili yako yanarudi. Yarudi tu.

Na utakosea. Hata wewe, na hicho kidole chako. Utakubali gari ambalo halikufaa, au utamkataa mama mmoja ambaye kesho yake duka lake litaungua. Siku hiyo usiseme kesho. Nenda kwa mkubwa wako kabla hajakuita, ukiwa bado unatetemeka. Labda atakufukuza. Nimefikiri miaka kumi na saba ni nini hasa kingenipata kama wangenifukuza siku ile, na kila mara nafika palepale: ningelima, ningeuza makaa, ningekuwa maskini kidogo kuliko nilivyo. Na Mama Esta angenisemesha.

Maana nilimwambia Jumapili, baada ya ile simu. Umeniuliza kwa nini mama yuko kimya juma hili. Ukadhani ni uchungu wa safari yako. Ananisemesha ukiwepo wewe tu. Jana alisema neno moja peke yake, "Salomo, na yale maini ulimpa mutoto." Akaenda kulala chumbani kwako. Usimbebeshe yeye kitu chochote cha humu. Alikulea bila kujua, na upendo wake hauna karatasi nyuma yake.

Nami nilikulea nikijua. Sitaki kukudanganya tena, kwa hiyo nakuambia: mwaka wa kwanza ilikuwa deni. Nilikununulia viatu kama mtu anayelipa faini. Kisha siku moja uliugua surua, ukanishika kidole usiku kucha, na asubuhi nikagundua nimesahau kabisa kwamba wewe ni mtoto wa Ngabu. Tangu siku hiyo nakupenda, Sifa. Nakupenda mpaka naogopa. Silileti hili liwe upande wa pili wa mizani. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kesho hutakuwepo.

Nilifikiri niitie barua hii kwenye mfuko wa ndani wa begi, uisome ukiwa juu ya mawingu, mahali nisipoweza kuona uso wako. Nikaona ni tabia ileile ya kujaza kisha kukimbia. Kwa hiyo utakaporudi na nywele zako mpya nitakupa mkononi. Nimeweka ndani fomu yenyewe, ile ya chama. Sahihi ya chini ni ya baba yako, imeinama kwa haraka. Mwandiko wa kisanduku ni wangu, utautambua bila kuambiwa. Mimi nitakaa uani mpaka umalize. Ukitaka kuuliza, toka uniulize, nitakujibu mbele ya Mama Esta, mbele ya Papa Lazaro, mbele ya yeyote unayemtaka. Usipotoka, nitajua pia ni jibu, na asubuhi Mama Esta ndiye atakayekusindikiza uwanjani.

Bado kitu kimoja. Juzi ulijaza karatasi za kampuni hapahapa mezani, na ulipofika kwenye bima ya kifo ya wafanyakazi ulicheka ukasema, "Papa, nimekuandika weye, sasa usiniombee kufa." Nilitoka nje nikijifanya naita mbwa. Karatasi hiyo bado imo begini, hujaikabidhi. Wewe ndiye mtu wa kwanza katika nyumba hii aliyeandika jina la mpokeaji kwa mkono wake mwenyewe, bila haraka na bila kuogopa mashangazi, lakini uliandika hujajua. Sasa umejua. Isome upya. Ukitaka kulikata jina langu, piga mstari mmoja tu ulionyooka, usifute, andika jina jingine juu yake, kisha weka sahihi yako ndogo pembeni, mwanangu, maana bila sahihi ya pembeni hawatakubali.

Salomo